Zamu ya Bwana Stotz

Tamta Kobalia alipopata chumba cha darini katika mtaa wa Heslach, mjini Stuttgart, alikuwa amelala jikoni kwangu tangu mwanzo wa muhula. Alilala juu ya godoro la kupuliza ambalo lilikuwa likiishiwa hewa kila alfajiri, hivyo akawa anaamka akiwa sakafuni. Tulikuwa tukisoma kemia pamoja. Alikuwa ametoka Zugdidi, upande wa magharibi wa Georgia, na hakuwa mtu wa kulalamika, lakini nilijua kinachomkosesha usingizi. Bila anwani ya kudumu, ofisi ya jiji isingempa kibali cha kuishi, na bila kibali angerudi kwao kabla hajamaliza hata mwaka mmoja. Vyumba mjini kwetu havipatikani. Wanafunzi hupanga foleni kwenye ngazi ili waone chumba ambacho hata mbuzi angekikataa.

Chumba hiki alikipata kwa masharti. Mwenye nyumba aliishi Ulm na hakutaka usumbufu. Alimwambia kwa simu kwamba atakaa hadi mwisho wa muhula wa baridi, kisha Bi Eisele wa ghorofa ya chini atasema kama anafaa au hafai. Bi Eisele akisema hafai, basi. Mwenye nyumba hangeuliza sababu.

Nilimsaidia kubeba masanduku. Nyumba ilikuwa ya zamani, ya mawe ya rangi ya mchanga, na ngazi zake zilikuwa zimelika katikati kwa miaka mingi ya nyayo. Chini aliishi Bi Eisele, mjane mwenye mgongo uliopinda asiyeweza kuinama. Ghorofa ya kwanza aliishi Bwana Raible, dereva mstaafu wa treni za mjini, ambaye sasa alitembea kwa kusukuma kigari chake na hakutoka nje isipokuwa binti yake akija. Ghorofa ya pili mlango ulikuwa umefungwa. Kwenye kitasa chake kilining'inia kibao cha mbao kilichochongwa picha ya ufagio.

"Hiki ndicho kibao cha wiki ya kufagia," nilimwambia. "Mlango wenye kibao ndio wenye zamu. Unafagia kuanzia dari hadi chini, unadeki, unafuta mkono wa ngazi, kisha Jumamosi jioni unakitundika kwa jirani anayefuata. Baada ya mlango huu ni wewe."

"Na nisipofagia?"

"Mimi nimezaliwa huku kwenye vilima, na sijawahi kumwona mtu ambaye hakufagia. Sijui wanampeleka wapi."

Alicheka. Kisha akauliza nani anaishi nyuma ya mlango ule, kwa sababu sanduku la barua la mlango huo lilikuwa limezibwa kwa utepe wa gundi. Sikujua. Tukapanda.

Wiki yake ya kwanza aliharibu. Maabara ilimshika hadi Jumamosi usiku, kwa hiyo akafagia Jumapili asubuhi, akiimba, huku kengele za kanisa zikilia. Hilo nilikuwa sijamwonya. Nilidhani kila mtu duniani anajua kwamba Jumapili hugusi ufagio. Bi Eisele alitoka na kusimama chini ya ngazi akiwa na koti lake la kanisani. Hakupaza sauti. Alimwambia, "Bi Kobalia, leo nimesikia mengi ya kutosha," akaenda kusali. Tamta alinieleza baadaye kwamba angependelea kutukanwa, maana tusi angelijibu.

Tangu hapo akawa mwangalifu. Alijifunza kufungua madirisha asubuhi hata kukiwa na theluji, kutenganisha taka, kutooga baada ya saa za utulivu, kumsalimu kila mtu kwa jina lake la ukoo. Alinunua dengu na tambi kama sisi, akalalamika kwamba havina pilipili, akazila. Alianza kuyazoea maisha, na ni katika kuyazoea ndipo alipogundua jambo lile.

Ngazi zilifagiliwa kwa zamu nne. Mpwa wa Bi Eisele alikuja kufanya zamu ya shangazi yake. Binti wa Bwana Raible alikuja kufanya zamu ya baba yake. Kisha kibao kilipanda hadi mlango uliofungwa wa ghorofa ya pili, na wiki hiyo hakuja mtu. Hata hivyo, ilipofika Jumamosi jioni ngazi zilikuwa safi kuliko wiki nyingine yoyote. Pembe za vipandio hazikuwa na vumbi. Mkono wa ngazi ulikuwa laini kama umepakwa mafuta. Nyumba nzima ilinukia sabuni laini ya kijani, ile ambayo wazee waliichota kwa kijiko kutoka kwenye kopo. Na kibao kilikuwa kimeshatundikwa mlangoni kwake Tamta.

Alimuuliza Bwana Raible, ambaye alipenda kufungua mlango kidogo na kuzungumza na wapitao. Mzee akamwambia kwamba huyo ni Wendelin Stotz, rafiki yake wa karata, aliyefariki mwaka jana mwezi wa Novemba. Warithi walikuwa mahakamani wakigombania fleti, kwa hiyo mlango ulifungwa na vitu vyote vikiwa ndani.

"Sasa zamu yake anafanya nani?" Tamta akauliza.

Mzee akamtazama kama mtu aliyeulizwa jua hutokea wapi.

"Zamu yake, binti? Si nimekwambia ni yake."

Nilipoletewa habari hii nilijaribu kuifanyia mzaha. Nikasema kwetu hata kaburini mtu hapewi likizo kabla hajatoa notisi. Tamta hakucheka. Aliniambia kuwa kitu kinachomtisha si marehemu. Kinachomtisha ni kwamba watu wale wawili wamekubali, wameendelea kunywa kahawa yao, na hakuna aliyewahi kufungua mlango wake ili aone.

Januari akaugua homa. Ilikuwa wiki yake na kibao kilikuwa mlangoni kwake. Alinitumia ujumbe kwamba Jumamosi atajitahidi kushuka, lakini Jumamosi asubuhi, kabla hakujapambazuka, hakuweza hata kuketi. Alikuwa amelala akitazama dari likielea ndipo aliposikia ufagio. Ulianza nje ya mlango wake. Ulivuta taratibu, ukavuta tena, kisha ukagonga pembe ya kipandio, ukashuka. Hapakuwa na mlio wa viatu. Alidhani ni binti wa Bwana Raible aliyemhurumia, akataka kumshukuru, sauti ikakataa kutoka. Ufagio ukashuka ghorofa kwa ghorofa. Baadaye akasikia maji yakikamuliwa kutoka kwenye kitambaa, yakidondoka ndani ya ndoo, karibu sana, kama vile ndoo iko chini ya kitanda chake.

Kulipokucha alijikokota hadi mlangoni. Ngazi zilikuwa bado mbichi. Sabuni ya kijani ilimjaa puani. Mlangoni kwake kibao hakikuwepo. Kilikuwa kimeshapelekwa chini kwa Bi Eisele.

Siku mbili baadaye Bi Eisele alimsimamisha penye masanduku ya barua. Alimwambia kwamba amefurahi. Alipitisha kidole juu ya mkono wa ngazi, akakitazama kidole, akasema kwamba tangu Stotz hakuna aliyewahi kufagia vile, na kwamba akiendelea hivyo, mwishoni mwa muhula hatakuwa na neno baya la kumwambia mwenye nyumba.

Tamta alisema asante. Neno lilimtoka kabla hajafikiri. Jioni alikuja kwangu, akakaa jikoni bila kuvua koti, akaniambia kwamba sasa chumba kile amekipata kwa kazi ya mikono isiyo yake.

"Mwambie ukweli," nilisema.

"Nimwambie nini? Kwamba sikufagia? Halafu nikalale wapi, kwenye godoro lako la kuvuja?"

Nikabandika maji ya chai.

Alimpigia simu bibi yake huko Zugdidi. Kwao mkubwa humwita mdogo kwa cheo chake mwenyewe, kwa hiyo bibi alimwita mjukuu "bibi yangu," na Tamta akamweleza yote. Bibi hakushangaa hata kidogo. Alitaka kujua jambo moja tu.

"Mtu amekufanyia kazi ukiwa mgonjwa, bibi yangu, nawe hujampa chakula?"

"Amekufa, bibi."

"Nimesikia. Kwani waliokufa hawali?"

Akamwelekeza: mkate, divai nyekundu imwagwe juu yake, jina la mtu litajwe, basi. Hivyo ndivyo kwao wanavyowafanyia wafu wao, na hakuna anayeliona jambo la ajabu.

Mwezi Februari kibao kiliporudi kwenye kitasa cha Bwana Stotz, Tamta alinunua mkate mzito wa ngano nyeusi na divai ya vilima vya hapa hapa, kwa sababu alifikiri mzee hatapenda vya kigeni. Siku ya Alhamisi, asubuhi, aliuweka mkate kwenye sahani ndogo mbele ya mlango, akaumwagia divai, akasema, "Wendelin Stotz, asante." Mkate ulikunywa divai, ukashiba, na iliyobaki ikafurika ukingo wa sahani na kuingia kwenye jiwe. Lile ni jiwe la mchanga. Alifuta kwa leso yake, lakini jiwe lilikuwa limeshameza. Doa lilibaki mbele ya mlango, kubwa kama kiganja, jekundu.

Adhuhuri Bi Eisele alipanda, akishika mkono wa ngazi kwa mikono miwili. Ni nani aliyemwambia, Tamta hajui. Alilitazama doa, kisha akamwita jikoni kwake.

Tamta aliniambia kwamba alishuka ngazi zile akijua amekwisha. Muhula ulikuwa unaisha wiki hiyo hiyo. Mwenye nyumba angepiga simu Jumatatu. Alijiona tayari uwanja wa ndege. Na kwa kuwa alidhani hana tena cha kupoteza, alisema kila kitu: kwamba Januari hakufagia, kwamba alisikia, kwamba alikubali sifa isiyo yake, kwamba alitaka kushukuru. Bi Eisele alimsikiliza akikoroga kahawa ambayo hakuinywa.

"Alikuwa na kawaida hiyo akiwa hai," alisema mwishowe. "Mgonjwa akiwa na zamu, Stotz alifagia. Hakusema, wala hatukumwambia kitu."

Kisha akasimulia kuhusu wiki ya kifo chake. Stotz alifariki Jumanne, na kibao kilikuwa mlangoni kwake. Waliokuja kumchukua walikuwa na viatu vya matope, maana kulikuwa kumenyesha, na wakampitisha kwenye ngazi zote hadi chini. Ngazi zikabaki na matope Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Kila mtu alipita juu yake. Hakuna aliyegusa.

"Kwa nini?" Tamta aliuliza.

"Zamu ilikuwa yake, Bi Kobalia. Mtu haingilii zamu ya mwenzake." Bi Eisele alisema hivyo bila haya, lakini hakumtazama. "Tulingoja. Sijui tulikuwa tukingoja nini. Jumamosi alfajiri tukasikia ufagio, mimi hapa chini na Raible pale juu. Na mchana tulipotoka, matope hayakuwepo."

"Mkaogopa?"

"Mimi nilipika dengu," alisema Bi Eisele.

Kuhusu doa alikuwa na uamuzi tayari. Lilikuwa limeingia katika wiki ya Stotz, kwa hiyo ni Stotz wa kulitoa. Tamta asiliguse. Likiwa limetoka Jumamosi jioni, hakuna aliyeliona. Likibaki, atamwambia mwenye nyumba kwamba mpangaji wa darini anamwaga divai kwenye ngazi na anasema uongo, na yote mawili yatakuwa kweli.

Basi Tamta akangoja. Nilikwenda kumtembelea Ijumaa, nikalipita doa. Mkate ulikuwa bado kwenye sahani, umekauka, umekunja kingo zake. Ngazi zilikuwa na mchanga wa barabarani ulioletwa na viatu vyetu, ule unaomwagwa juu ya barafu. Tulikaa chumbani kwake tukijifanya tunasoma. Kila ubao wa sakafu ulipolia alinyanyua kichwa. Nilimuuliza anatamani nini hasa, Stotz aje au asije. Alifunga kitabu.

"Nikitaka chumba," alisema, "inabidi nitamani aje. Unaona nilipofika?"

Jumamosi alfajiri aliketi kitandani akisikiliza. Hapakusikika ufagio. Kukapambazuka, kengele za sokoni zikalia, mchana ukapita, na nyumba ilikuwa kimya kwa namna ambayo hakuwahi kuisikia tangu ahamie. Jua lilipoanza kushuka nyuma ya vilima alifungua mlango. Mchanga ulikuwa pale pale juu ya vipandio. Doa lilikuwa pale pale, na Bi Eisele alikuwa amesimama mbele yake.

Uso wake ulikuwa umebadilika. Tamta alisema kwamba katika miezi yote ile hakuwahi kumwona mama yule akiwa na hofu, hata alipokuwa akisimulia kuhusu marehemu anayefagia. Sasa alikuwa nayo.

"Umemlisha," alisema kwa sauti ya chini. "Ameshiba, amekwenda zake."

Tamta alitaka kusema samahani, lakini hakujua anamwomba nani. Hapo wakasikia kigari cha Bwana Raible kikisogea chini yao, na mlango wa ghorofa ya kwanza ukafunguka kidogo.

"Bi Eisele? Ni wewe huko juu? Leo kuna nini? Wendelin amechelewa. Sijala tangu asubuhi, namngoja amalize."

Bi Eisele aliushika mkono wa Tamta kwa nguvu, vidole vya mzee vikamwingia kwenye nyama, akamnong'oneza: ndoo iko chini ya ngazi ya darini, sabuni iko kwenye kopo nyuma yake, na viatu avue, kwa sababu Stotz alifagia kwa sapatu za sufu na hakusikika akikanyaga. Asiseme neno hata akisemeshwa. Akifanya hivyo, mwenye nyumba ataambiwa kwamba katika nyumba ile hakujapata kuwa na mpangaji bora.

"Na zamu?" Tamta aliuliza. "Ulisema haiingiliwi."

"Nenda," alisema Bi Eisele.

Alianzia darini, kama inavyotakiwa. Alivuta ufagio, akavuta tena, na alipofika kwenye pembe mkono wake ukagonga wenyewe, kwa kuwa hivyo ndivyo alivyosikia Januari. Ghorofa ya pili alipiga magoti, akasugua doa kwa sabuni ya kijani hadi povu likawa la waridi. Halikutoka lote. Aliuondoa mkate, akaufunga kwenye aproni. Kisha akashuka kwa soksi hadi ghorofa ya kwanza. Mlango wa Bwana Raible ulikuwa umefungwa sasa, lakini mwanga chini yake ulikatwa na kivuli cha magurudumu.

"Umechelewa, Wendelin," sauti ilisema nyuma ya mlango.

Tamta alisimama. Ufagio nao ukasimama.

"Nilidhani umetuacha."

Hakujua afanye nini. Alikuwa ameambiwa asiseme, na hata kama asingeambiwa, angesema nini, na kwa sauti ya nani? Akavuta ufagio, pole pole, akagonga pembe. Nyuma ya mlango mzee alishusha pumzi ndefu, kigari kikageuka, na baada ya kitambo kukasikika kijiko kikigusa sahani.

Jumatatu mwenye nyumba alipiga simu, na Jumatano Tamta akawa na mkataba usio na mwisho. Ofisi ya jiji ikampa kibali. Nilinunua keki, tukaila tukiwa tumekaa sakafuni kwake, na sote wawili tulicheka sana, zaidi ya ilivyokuwa lazima.

Hayo yalikuwa miaka minne iliyopita. Warithi bado wako mahakamani, na kila wiki ya Stotz ni Tamta anayefagia kimya kimya. Mimi nimemaliza masomo, na Tamta amemaliza kabla yangu, tena kwa alama nzuri kuliko zangu. Mwaka huu, majira ya kuchipua, kampuni moja ya Hamburg ilimpa kazi ambayo wenzetu wote wangeitolea jino. Alimwendea Bi Eisele kumwambia kwamba anahama. Bi Eisele alimpongeza kwa moyo safi. Akamwambia aende tu, yeye hamzuii, ila amwambie Bwana Raible mwenyewe.

Ilikuwa wiki ya Stotz. Tamta alishuka akiwa na maneno yake tayari, lakini alikuwa amevaa sapatu za sufu, kwa sababu siku hizi huzivaa ndani, na hakukumbuka kuzivua. Alisimama mbele ya mlango. Kabla hajabisha, alisikia kigari kikija mbio upande wa pili, mbio kuliko inavyowezekana kwa mzee yule.

"Wendelin?" alisema Bwana Raible. "Leo umewahi."

Nilimpigia simu jioni hiyo kumuuliza lini anasafiri, niombe gari la kubebea vitu. Hakupokea. Alinipigia baadaye, akihema kama mtu aliyepanda ngazi, na nyuma ya sauti yake nikasikia maji yakikamuliwa ndani ya ndoo. Nilimuuliza amemjibu nini mzee. Akasema hakumjibu kitu. Akasema pia kwamba watu wa Hamburg ameshawaandikia, wamtafute mtu mwingine.

Nilibana simu sikioni. Maji yalikamuliwa tena.

"Tamta," nilisema, "uko peke yako hapo?"

"Niko chumbani," alisema. "Nimeshamaliza kufagia tangu saa kumi jioni. Kwa nini?"